Re: Mama anatetemeka akimeza dawa ya kisukari

Dada, umeuliza kwa nini mama anatetemeka na kutoka jasho akimeza glibenklamidi asubuhi kisha akawahi Soko la Mbuyuni bila kula. Dawa yenyewe ndivyo ilivyo.

Seli za kongosho zinazotoa insulini zina vijitundu vya kupitishia potasiamu. Ukila, seli inachoma sukari, ATP (nishati ya seli) inaongezeka na vijitundu vinajifunga. Potasiamu ikikosa njia ya kutoka, umeme wa ukuta wa seli unabadilika, kalsiamu inaingia, insulini inamwagwa kwenye damu. Ukikaa na njaa vinafunguka, insulini inapungua. Sasa glibenklamidi inavifunga tu, uwe umekula au hujala, hivyo insulini inamwagwa na sukari ya damu inashuka mno; ndiyo maana mama anatetemeka.

Kwangu kinachovutia zaidi ni habari ya vichanga. Mwaka 2004 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya watoto wanaopata kisukari kabla ya miezi 6 wamezaliwa na vijitundu visivyojifunga vizuri. Wengi wao waliacha sindano wakapewa vidonge vya jamii hii hii ya mama! Wapo wa kinyume pia, vijitundu vyao havifunguki na sukari inashuka vibaya. Hao hujaribiwa diazoksaidi, inayovifungua.

Turudi kwa mama: ameze akiwa anakula, hata kama ni uji na chapati. Akianza kutetemeka, soda ya kawaida haraka, siyo ile isiyo na sukari, halafu ale. Na mpeleke kliniki wampime figo, maana zikichoka dawa hii hukaa mwilini muda mrefu. Asiiache kienyeji.