MRI safi haifuti majibu ya patholojia

SWALI: Shikamoo daktari. Nina umri wa miaka 47, naishi Morogoro. Wiki mbili zilizopita niliondolewa uvimbe wa saratani kwenye titi la kushoto, titi lenyewe likabaki. Majibu yanasema seli za saratani zimefika ukingoni mwa nyama iliyokatwa, na daktari anataka kunipasua tena. Shemeji ananishauri nipige MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine ya sumaku, kwanza, na ikitoka safi niachane na upasuaji wa pili. Je, yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Hayuko sahihi, na ushauri huo nausikia mara nyingi mno.

Mpatholojia, yaani daktari anayechunguza nyama iliyokatwa maabara, hakukisia. Nyama iliyotolewa hupakwa wino kwa nje kabla ya kukatwa vipande vyembamba, na seli za saratani zikionekana kwenye hadubini zimegusa wino huo, maana yake ni kwamba kisu kilipita palipo na ugonjwa na huenda mwingine umebaki ndani. MRI haioni seli moja moja. Inaonyesha mahali ambapo dawa ya gadolini, inayodungwa kwenye mshipa, inakusanyika kwa sababu ya wingi wa mishipa ya damu. Kinundu cha milimita kadhaa kinaweza kuonekana, lakini mabaki yanayohitaji hadubini yanapita bila kugunduliwa.

Isitoshe, kidonda kinachopona nacho huvuta dawa hiyo, hasa katika wiki za mwanzo kama ulizo nazo wewe. Mstari mwembamba, ulio sawasawa, unaozunguka shimo lenye majimaji ni jambo la kawaida. Tunachokitilia shaka ni kinundu au unene wa upande mmoja, na hata hapo mafuta yaliyokufa baada ya upasuaji huweza kutudanganya. Kwa hiyo kipimo hiki kinaweza kukutisha bure na kinaweza pia kukutuliza bure. Daktari wako akikiagiza, huwa anataka kujua kama kuna ugonjwa mwingine mbali na kovu, ili aamue kati ya kukata tena nyama ya ukingoni na kuondoa titi lote. Kama uvimbe wako ulikuwa na chembe za kalsiamu, mamografia, yaani eksirei ya titi, ndiyo itakayoonyesha zilizobaki, kwa kuwa MRI haizioni.

Kinachonikera zaidi ni biashara inayofanywa kwa jina la kipimo hiki. Mgonjwa huja na picha za kifua zilizopigwa akiwa amelala chali, bila gadolini na bila koili ya matiti, yaani kifaa maalumu cha kunasa picha za matiti, ilhali MRI ya titi hupigwa mgonjwa akiwa kifudifudi, matiti yakining'inia ndani ya koili hiyo. Kisha anasema ameambiwa hana kitu. Wauza dawa za mitishamba nao wameijua njia hii: humpokea mwanamke aliyekwisha kufanyiwa upasuaji, humuuzia chupa kadhaa, humpeleka kupiga MRI, na picha isipoonyesha uvimbe hutangaza kwamba dawa imemponya, wakati uvimbe huo ulitolewa na daktari wa upasuaji na umo maabara. Wanawake wanaoamini hivyo huacha tiba ya mionzi, ambayo ndiyo hupunguza uwezekano wa saratani kurudi kwenye titi lililobakizwa, na huacha pia vidonge vya kuzuia homoni walivyoandikiwa kwa miaka 5 au zaidi. Hakuna picha ya MRI, hata iliyopigwa vizuri namna gani, inayompa mtu ruhusa ya kuacha matibabu hayo.