Ukisoma maisha ya waliosahauliwa, tafuta sababu ya kusahauliwa kwao

Kwa miaka mingi nimekuwa nikisoma wasifu wa watu ambao historia ya Tanzania huwataja kwa nusu sentensi au huwaruka kabisa, na kila anayeniuliza aanzie wapi humpa ushauri mmoja: usiridhike kujua mtu huyo alifanya nini, tafuta pia jina lake lilipoteaje. Yupo aliyefutwa baada ya kukosana na wakubwa, yupo aliyefanya kazi yake pasipo kupanda jukwaani, na yupo ambaye hakuna aliyefikiri kwenda kumuuliza. Kila mmoja wao anahitaji kusomwa kwa namna yake.

Mchukue Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Hakuwa na elimu kubwa ya shule, lakini alikuwa mwimbaji kiongozi katika kikundi cha ngoma, na mwaka 1955 alipokabidhiwa kazi ya kuwaingiza wanawake katika TANU alikwenda moja kwa moja kwenye vikundi vya aina hiyo. Mwaka 1965 alipoteza kiti chake cha ubunge, mwaka 1969 akakamatwa, akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, kisha akaachiwa mwaka 1972 kwa msamaha wa Rais. Miaka ya ukimya iliyofuata ndiyo iliyowafanya watoto wa shule wakue bila kumjua. Leo Dar es Salaam ina barabara kubwa yenye jina lake, na bado wengi wanaoipita hawawezi kueleza alifanya nini.

Mwaka 1984 mwanahistoria wa Kimarekani, Susan Geiger, alikaa naye na kurekodi maelezo ya maisha yake, na mwaka 1997 kikatoka kitabu kinachowaweka pamoja yeye na wanawake wengine wa TANU, akiwamo Tatu Mzee. Nakipenda kitabu hicho kwa sababu hakimwachi Bibi Titi asimame peke yake. Nilipokisoma nilikwenda kumuuliza mama mmoja mtu mzima wa mtaani kwetu kuhusu lelemama, ngoma ya wanawake wa pwani, nikitarajia aanze na siasa. Alianza na sare: nani alichagua kitambaa, nani alikusanya michango, nani alikuwa mkali kwa waliochelewa, na namna habari ya msiba au harusi ilivyozunguka mji mzima kabla ya jua kuzama. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba chama hakikulazimika kuwaundia wanawake mtandao, kwa kuwa tayari walikuwa na viongozi, fedha, nidhamu na njia za kupashana habari. Wasifu mzuri unakufikisha kwenye maarifa ya namna hii, ambayo orodha ya mashujaa haiwezi kukupa.

Abdulwahid Sykes ni habari nyingine. Baba yake, Kleist Sykes, alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association mwaka 1929. Yeye mwenyewe alipigana Burma katika Vita Kuu ya Pili, akarudi Dar es Salaam, akawa miongoni mwa viongozi wa TAA (Tanganyika African Association), jina la baadaye la chama hicho, katika miaka iliyotangulia kuzaliwa kwa TANU tarehe 7 Julai 1954. Alifariki mwaka 1968. Mohamed Said aliandika maisha yake akitumia nyaraka za familia ya Sykes, na kitabu hicho, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1998 na baadaye kwa Kiswahili, kilizua mjadala mkali kwa kudai kwamba mchango wa Waislamu wa mijini katika kupigania uhuru uliachwa nje ya historia rasmi.

Kitabu kama hicho kinastahili kusomwa taratibu, kwa heshima na kwa macho makali. Nyaraka za familia zina utajiri ambao hauwezi kupatikana serikalini: barua, picha, majina ya waliokuja kula chakula jioni. Wakati huohuo zilitunzwa na watu wanaompenda marehemu, na mwandishi ana hoja anayoitetea. Kwa hiyo kila dai zito nalitafutia shahidi wa pili asiye na undugu wala ugomvi na wahusika, na nikimkosa naliandika pembeni kwa penseli kuwa ni dai la upande mmoja. Wapo wasomaji ambao, wakishamjua Abdulwahid, huanza kumdharau Nyerere. Naona hilo ni hasara, maana unakuwa umebadilisha picha ya ukutani tu, wala hujajifunza namna watu wengi walivyofanya kazi moja kwa pamoja.

Kenya nako kuna Makhan Singh, mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi, aliyetamka hadharani mwaka 1950 kwamba uhuru kamili utolewe mara moja. Aliwekwa kizuizini mwaka huohuo, kabla ya hali ya hatari ya 1952, na hakuachiwa hadi 1961. Katika masimulizi ya taifa yaliyojengwa juu ya kabila na ardhi, Mhindi huyu hakuwekewa nafasi.

Pamoja na vitabu, soma magazeti ya wakati ule. Kwetu la Erica Fiah, lililoanza mwaka 1937, Zuhra, na baadaye Mwafrika, yanakuonyesha watu walivyozungumza kabla hawajajua nani atashinda. Kitengo cha East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mahali pazuri pa kuanzia. Nenda na daftari, na kila tukio liandikie mwaka, mahali, na jina la anayelisimulia.

Asiyezoea vitabu vinene aanze na Wasifu wa Siti binti Saad, ulioandikwa na Shaaban Robert. Ni kitabu chembamba kuhusu mwimbaji wa taarab kutoka Fumba, Zanzibar, aliyekuwa akiuza vyungu, na ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Akikimaliza ahamie kwa Bibi Titi, kisha Abdulwahid, na vitabu viwili hivyo avisome kwa kufuatana, kwa kuwa watu walewale wa mitaa ileile ya Dar es Salaam wanaonekana katika vyote viwili, kila mara wakitazamwa kutoka upande tofauti.