Uliza Yaya: Kochi wa Mutombo na ile balo isiyo na pumzi

Wasomaji wapenzi, jambo yenu. Toka tuandike juu ya Dikembe Mutombo, mchezaji wa basketi wa inchi yetu, barua zimeingia mingi kabisa, na karibu zote haziulizi juu ya Mutombo mwenyewe, zinauliza juu ya ule muzee mrefu mwenye taulo nyeupe ku bega aliyekuwa anasimama pembeni ya kiwanja, kochi wake wa Georgetown, iniversite ya Marekani, John Thompson. Nimefurahi sana, ju mi nilicheza basketi miaka saba hapa Lubumbashi mbele goti haijanikataa, na yule mutu nimemfuata toka niko kijana. Tunaanza na barua ya mama mmoja, hiyo njo itachukua nafasi kubwa, wengine mnisamehe.

"Yaya, jambo. Mi niko mama ya batoto ine, naishi Katuba. Mutoto wangu wa pili iko na miaka 16, urefu yake inapita mulango, sasa kochi yake anamwambia aache kwanza masomo ju antrenema iko asubui na mangaribi. Anasema Biyombo alitoka hapa hapa Lubumbashi na hakuitaji iniversite. Baba yake anaitika. Mi moyo inakataa. Mu gazeti yenu mulisema kochi ya Mutombo alikuwa anakazanya masomo. Ni kweli ao ni maneno ya kutufuraisha tu?" — Mama wa Katuba

Mama, ni kweli, na nitakueleza vile ilikuwa.

Thompson alizaliwa Washington mwaka 1941. Baba yake hakujua kusoma wala kuandika. Mama yake alisomea ualimu lakini kazi aliyopata ilikuwa ya kusafisha nyumba za watu, sababu ya rangi ya ngozi tu. Yeye mwenyewe alipokuwa mdogo walimu walimhesabu kama mtoto mzito wa akili, kumbe macho yalikuwa mabaya, hakuwa anaona vizuri ku tablo. Kwa hiyo masomo kwake haikuwa hotuba ya kutolea wazazi siku ya sikukuu, ni kitu kilichokuwa karibu kumponyoka.

Alicheza iniversite ya Providence, halafu Boston Celtics, ekipe ya NBA, ile shampiona kubwa ya basketi ya Marekani, miaka miwili, 1964 mpaka 1966, na zile mbili zote Celtics walichukua kombe. Alikuwa na urefu wa mita 2.08 lakini mbele yake kwenye nafasi ya pivo kulikuwa Bill Russell, basi ye alikaa sana ku benchi. Wengine wangeng'ang'ania. Ye akaacha, akaenda kufundisha ekipe ya sekondari ya St. Anthony pale pale Washington, mu miaka sita akashinda mechi 122 akapoteza 28. Njo Georgetown wakamuita mwaka 1972, ekipe yao ilikuwa imetoka kupoteza mechi 23 na kushinda 3 tu, yaani ilikuwa chini kabisa.

Sasa sikia mama, mtu anayeokota ekipe kama hiyo ungefikiri kwanza atatafuta vijana warefu. Alitafuta, ndiyo, lakini alikuja pia na mwanamke mmoja, Mary Fenlon, aliyekuwa mtawa zamani na mwalimu, akamuweka aangalie masomo ya wachezaji. Huyo mama alikuwa anakaa ku benchi ya ekipe wakati wa mechi, kati ya makochi! Mtoto akikosa darasa asubuhi, Thompson anajua mbele ya mangaribi. Na mu biro yake aliweka balo moja iliyotolewa pumzi, imelala pale kama chapati, kila kijana anayeingia anaiona. Alitaka wajiulize siku pumzi ya balo itakapoisha watakuwa na nini mu mikono. Kati ya wachezaji 78 waliokaa naye miaka yote mine, 76 walitoka na diploma.

Mutombo mwenyewe hakwenda Marekani kwa ajili ya basketi. Alifika Georgetown mwaka 1987 na bursi ya masomo, alitaka kuwa daktari, na mwaka wa kwanza hakucheza kabisa. Thompson alimuona ule urefu wa mita 2.18, akamuita, lakini masomo hayakuwekwa kando: Mutombo alifanya staji Banki ya Dunia wakati bado mwanafunzi, na mwaka 1991 akatoka na diploma ya lugha na ya diplomasia. Ndipo Denver, ekipe ya NBA, wakamchagua, wa 4 kati ya vijana wapya wote NBA waliochagua mwaka ule. Mama yake alikufa kwa kukosa kufika hospitali, na ile hospitali aliyojenga Kinshasa ikafunguliwa 2007 inabeba jina la huyo mama, Biamba Marie. Kupata feza ni jambo moja, lakini kuketi na mawaziri, na madaktari, na watu wa banki mpaka hospitali isimame, hiyo haifundishwi ku antrenema ya saa kumi na mbili.

Juu ya Biyombo, kochi wa mtoto wako hasemi uongo. Bismack Biyombo alizaliwa hapa Lubumbashi, alipita Uhispania, na mwaka 2011 NBA walimchagua nafasi ya 7. Emmanuel Mudiay wa Kinshasa nafasi ya 7 mwaka 2015, Jonathan Kuminga aliyezaliwa Goma nafasi ya 7 mwaka 2021, hakuna hata mmoja wao aliyecheza iniversite ya Marekani. Hao ni watatu mu miaka kumi, mama, watatu mu inchi nzima, na kila mmoja tunamjua jina. Wale wengine warefu wa komini zetu, Katuba, Kenya, Ruashi, walioacha masomo kwa hesabu hiyo hiyo, kochi amekutajia wangapi?

Mi naandika hivi kwa uchungu ju ilinipata. Kochi mmoja tuliyekuwa naye alituambia turnua inapita Egzetati, tutarudi kufanya mwaka unaofuata. Nilimsikia ye, sikumsikia mama yangu. Goti ikavunjika mwaka ule ule, na huyo kochi hakuja hata siku moja kuniangalia. Nikarudia ya sita na wadogo wangu, na uzito nilioingia nao mule darasani sijausahau.

Basi uende umuone huyo kochi, wewe na papa wa mtoto pamoja, musimtume mtoto. Muulizeni wachezaji wake wangapi wamepata diploma ya Leta. Muulizeni kama antrenema ya asubuhi inaweza kuhamia siku ya posho na ya yenga. Kochi anayempenda mtoto atatafuta saa ingine. Akikasirika kwa swali tu, mtoto ahamie ekipe ingine, Lubumbashi haina ekipe moja.

"Mi nabisha. Wooden alichukua makombe 10, Krzyzewski 5 na mechi 1202. Thompson kombe 1. Mbona mnamuweka juu?" — Kijana wa Himbi, Goma

Ndugu wa Goma, hesabu yako ya hao makochi wengine wa iniversite za Marekani ni sawa. Thompson alishinda mechi 596 na kupoteza 239 mu miaka 27, na kombe ni moja, la 1984, walipopiga Houston 84 kwa 75, na pivo wa Houston siku hiyo alikuwa Hakeem Olajuwon wa Nijeria, upande wa Georgetown Patrick Ewing aliyezaliwa Jamaika. Alikuwa kochi mweusi wa kwanza kuchukua hilo kombe. Na walipokuwa wanamuuliza juu ya kuwa wa kwanza hakufurahia, alisema weusi wengine wenye uwezo walikuwepo mbele yake, walinyimwa tu nafasi. Kumbuka pia kwamba mwaka 1975, wakati ekipe inapoteza, watu walitundika kitambaa mu kiwanja chao wenyewe kinachomtukana kwa rangi yake na kutaka atoke. Hakutoka.

Lakini mi nikitaka kukueleza juu ya nini namuweka juu sitakupeleka 1984, nitakupeleka 1982. Finali, Georgetown na North Carolina, kijana mmoja anayeitwa Michael Jordan ametia kikapu, ni 63 kwa 62, zinabaki sekunde chache, Georgetown wanapanda na balo, na Fred Brown, mchezaji mzuri kabisa, anaona mtu pembeni anafikiri ni mwenzake anampasia, kumbe ni James Worthy wa wapinzani. Mechi imekwisha. Inchi nzima imeona. Thompson angeweza kumgeuzia mgongo, hata kumfokea, nani angemlaumu? Alimkumbatia, pale pale, mbele ya kamera zote, kijana anapotea mu ule mwili mkubwa. Miaka miwili nyuma ya pale walipochukua kombe, Brown alikuwa bado mu ekipe na walikumbatiana tena. Mwaka 1985 wakapoteza finali ingine kwa Villanova, 66 kwa 64, walikuwa wanahesabiwa kuwa na nguvu zaidi. Yaani mu miaka mine pointi 3 njo zilimtenga na makombe matatu.

Sisemi alikuwa malaika. Alikuwa mkali, alificha wachezaji wake kwa wandishi, wengi walimuona mwenye dharau. Na ku Olimpiki ya Seoul 1988 alipeleka ekipe ya Marekani wakarudi na shaba, walipigwa na Wasovieti, hiyo walimlaumu sana, na kwa maoni yangu lawama ingine ilikuwa ya haki. Ila nyuma ya kijana mmoja wa basketi, Allen Iverson, kufungwa gereza, mama yake akitafuta mtu wa kumpokea mtoto, ni ku mulango wa Thompson alienda kubisha, na akafunguliwa. Huyo Iverson hakumaliza masomo, aliondoka kwenda NBA 1996 nyuma ya miaka miwili, wa kwanza wa Thompson kuondoka mbele ya wakati.

"Ni kweli alitoka mu mechi akaenda zake? Na kama alikazanya masomo, juu ya nini alipinga kanuni ya masomo?" — Mwalimu, Ibanda, Bukavu

Ni kweli, mwalimu. Tarehe 14 Januari 1989, mechi na Boston College, mbele balo haijarushwa, alitoka akaacha wasaidizi wake waendeshe. Chama cha michezo ya iniversite kilikuwa kimepitisha kanuni: kijana ambaye hakufikisha pointi fulani mu masomo na mu mtihani wa kuingia asipewe bursi ya michezo mwaka wa kwanza. Ukisikia hivi unaona ni vizuri, sivyo? Thompson aliona kitu kingine. Ule mtihani, watoto wa masikini, na wengi ni weusi, wanaufanya wakiwa wametoka mu masomo mabaya, bila vitabu, halafu ukiwanyima bursi unawarudisha pale pale walipotoka. Ye alitaka waingie ndani ndipo wakazwe na masomo, wasifungiwe inje. Ni mtoto yule yule aliyeambiwa ni mzito, amekuwa mkubwa na anakumbuka. Alikosa mechi mbili, makelele yakawa mengi, na baadaye kanuni ikalegezwa. Wewe unayefundisha Bukavu unajua zaidi yangu ni watoto wangapi wanaonekana wazito kumbe ni njaa ao ni macho.

"Mulisema Thompson alikuwa kochi wa kolezi. Sasa anafundisha batoto badogo?" — Papa wa Kamalondo

Apana papa, kosa ni letu, hatukueleza. Sisi tukisema kolezi tunafikiria sekondari, kama Imara hapa Lubumbashi ao Boboto kule Kinshasa alikosoma Mutombo. Wamarekani neno hilo wanalitumia kwa iniversite. Georgetown ni iniversite ya Wajezuiti, iko toka 1789, na Boboto pia ni ya Wajezuiti, kwa hiyo Mutombo alitoka kwa mapadri akaenda kwa mapadri.

"Yaya, ile taulo ni ya nini? Alikuwa anatoka jasho sana?" — Binti wa miaka 13, Bel-Air

Hapana mamaa, ingawa jasho ilikuwepo. Mama yake alikuwa na desturi ya kutia kitambaa ku bega wakati anapika, kama vile mama yako anafanya akisonga bukari. Thompson alipokuwa kochi akatia yake, nyeupe, kubwa, kwa kumkumbuka, na hakuitoa mpaka alipoacha kazi Januari 1999. Alikufa mwezi wa nane 2020, zimebaki siku tatu tu afikishe miaka 79.