Walinicheka kwa Picha za Mawe: Kwa Anayejiandaa Kwenda Ulaya ya Kaskazini

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, viza ya Schengen imetoka! Nina wiki nzima Stockholm mwezi wa sita. Nitajie sehemu kali za kupiga picha." Nilimpongeza kwa moyo wote, maana sote tunajua viza hiyo inavyomtoa mtu jasho: taarifa za benki, barua ya mwajiri, bima, na maswali ya kama kweli una nia ya kurudi kwenu. Kisha nikamjibu kwa maneno machache: panda meli uende Gotland. Akanirudishia alama tatu za kuuliza. Jibu refu ni hili hapa, na kwa kuwa najua wengi wenu mna ndoto hiyohiyo, someni wote.

Gotland ni kisiwa cha Sweden katika Bahari ya Baltiki. Kutoka Stockholm unapanda treni hadi bandari ya Nynäshamn, halafu meli ya saa tatu na ushei, unashukia Visby. Mimi nilikuwa nimemaliza kozi ya kazini na wenzangu walikuwa wameshakata tiketi za Paris. Walinibembeleza sana. Lakini nilikuwa nimesoma kwamba kisiwani humo Waviking, wale mabaharia na wavamizi wa kale wa Ulaya ya Kaskazini, walifukia fedha ya Waarabu, na mimi jambo likiniingia kichwani halitoki mpaka nilione kwa macho. Nikawaaga.

Safari ya meli sina la kusimulia, nililala. Visby ndiyo iliyoniamsha. Ni mji uliozungukwa na ukuta wa Enzi za Kati, kama kilomita 3.4, na minara yake bado imesimama. Ndani yake makanisa yaliyobomoka yamechanganyika na nyumba ambazo watu wanaishi na maua yao dirishani. UNESCO iliuweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1995. Waswidi wenyewe wanaufahamu vizuri na kiangazi wanajaa. Mtu wa kwetu sikumwona hata mmoja.

Nje ya ukuta huo kuna msalaba wa mawe ambao wengi hupita bila kuutazama. Mwaka 1361 mfalme wa Denmark, Valdemar Atterdag, alivamia kisiwa. Wakulima wa Gotland walitoka kumkabili wakiwa na silaha duni, wakapigwa hapo hapo chini ya ukuta, na inakadiriwa watu 1,800 walikufa. Watu wa mjini walikuwa ndani, malango yamefungwa. Baadaye wakamfungulia mfalme akaingia. Mabaki ya wale wakulima yalifukuliwa kwenye makaburi ya pamoja, na makumbusho ya mji yanaonyesha baadhi ya mafuvu yangali na vazi la minyororo ya chuma. Nilisimama pale nikawaza jinsi mwenye nyumba ya mawe anavyoweza kumwangalia mwenye shamba akifa. Hilo halina Ulaya wala Afrika.

Sasa niwaambie kilichonipeleka.

Mwaka 1999, katika shamba la Spillings kaskazini mwa kisiwa, wanaakiolojia walifukua hazina ya fedha ya kilo 67. Ilikuwa imefichwa chini ya sakafu ya jengo la kale. Kulikuwa na bangili na vipande vya fedha, na sarafu zaidi ya 14,000, karibu zote dirhamu za Kiislamu. Zimewekwa katika makumbusho hayo hayo ya Visby. Unaingia chumba chenye mwanga hafifu, unakuta lundo la fedha nyuma ya kioo, na maandishi juu ya fedha hiyo ni ya Kiarabu.

Nilisogea. Ni Kiarabu cha mwandiko wa kale wa Kikufi, hauna nukta, kwa hiyo si rahisi kama msahafu wa nyumbani. Lakini mimi nimesoma madrasa Chumbageni, Tanga, chini ya ustadhi ambaye bakora yake ilikuwa haina likizo. Macho yalizoea kidogo kidogo. *La ilaha illa Allah.* Ipo pale katikati, mistari mitatu mifupi, imepigwa kwenye sarafu iliyosafiri kutoka nchi za khalifa wa Baghdad, ikapanda mito ya Urusi hadi kisiwa hiki. Nilisoma kwa sauti bila kujua. Mzee mmoja mhudumu alinisogelea akaniuliza kwa upole kama kweli ninasoma. Nikamwambia ndiyo, nikamwonyesha neno baada ya neno. Akaenda kumwita mwenzake. Yaani mimi, binti wa Tanga, nikageuka mwalimu katika makumbusho ya Sweden! Naringa? Naringa. Ustadhi alishatangulia mbele ya haki, lakini siku ile ningempigia simu kama ningeweza.

Katika hazina hiyo kuna sarafu iliyoandikwa "Musa rasulullah", Musa mtume wa Mungu. Ilitoka kwa Wakhazari, watu wa nyika za kaskazini mwa Bahari ya Kaspi, ambao watawala wao walikuwa wameingia dini ya Kiyahudi, wakaiga dirhamu na kuweka tamko lao. Mzee alinieleza, mimi nikaitafuta.

Na kuna jambo ambalo hakunieleza, nililijua mwenyewe nikiwa nimekaa kwenye benchi na simu yangu. Sarafu iliyopigwa mwisho kuliko zote katika hazina ile ni ya mwaka 870 au 871. Miaka hiyo hiyo, kwenye mabwawa ya chumvi karibu na Basra, watumwa walioitwa Zanji, jina ambalo Waarabu walilitumia kwa watu wa pwani yetu, walikuwa vitani na khalifa. Uasi wao ulianza 869 na kuzimwa 883. Waviking nao walizipata dirhamu zile kwa kuuza manyoya ya wanyama, na kwa kuuza watu. Soko lilikuwa moja. Huku kaskazini liliacha fedha chini ya sakafu ya mkulima, na kwetu liliacha tunachokijua. Hakuna mnara wa Paris ambao ungenikalisha kwenye benchi muda ule.

Nikapiga picha za sarafu, za msalaba, za magofu. Gotland imejaa mawe yaliyochorwa farasi na majahazi kabla ya Ukristo kufika, mengine yamejengewa ndani ya kuta za makanisa, kama kanisa la Bro, mwendo mfupi wa basi kutoka Visby. Nikapiga na hayo. Nikatuma kwenye kundi la WhatsApp la familia.

Jibu la kwanza, binamu yangu: "Dada, umekwenda Ulaya kupiga picha mawe? Mawe si yamejaa Mwanza?" Vicheko mpaka asubuhi. Shangazi akauliza kwa huruma kama hela iliniishia. Mjomba akatuma picha ya mtoto wa jirani yao aliyesimama mbele ya mnara wa Eiffel, bila neno lolote. Hadi leo kwenye harusi za kwetu naitwa "Dada Mawe". Nacheka nao, ndiyo. Ila niseme ukweli, iliniuma na bado inauma, kwa sababu wale wanaonicheka wana Tongoni hapo hapo Tanga, makaburi ya nguzo ya mababu, na hawajawahi kufika. Huko Pemba, Mtambwe Mkuu, mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha zilizopigwa hapa hapa pwani na majina ya watawala wetu. Nani kati yao anaijua?

Ndiyo maana nasema, na nitarudia: usiende Ulaya kuhakikisha kwamba picha ya kalenda ni ya kweli. Ni ya kweli. Nenda na kitu chako, dini yako, kazi yako, lugha yako, ugomvi wako, halafu tafuta mahali kinapogusana na kwao. Fundi seremala aende Petäjävesi, Finland, akaone kanisa la magogo lililojengwa miaka ya 1760, mpaka taa yake ya dari imechongwa kwa mti. Mchimbaji wa Geita aende Falun, Sweden, akatazame shimo lililobaki baada ya mgodi wa shaba kuporomoka mwaka 1687. Mvuvi wa Bagamoyo aende Roskilde, Denmark, akaone majahazi ya Waviking yaliyozamishwa makusudi kuziba njia ya maji, kisha akague jinsi mbao zilivyopandishwa moja juu ya nyingine. Mahali pasipo na foleni, mtu wa pale ana muda na wewe. Hiyo ndiyo siri yote, sina nyingine.

Kwa Wakenya: Rungstedlund, kaskazini mwa Copenhagen, treni inakufikisha. Ndipo nyumbani kwa Karen Blixen, mwandishi wa Denmark, yule wa mtaa wa Karen, Nairobi. Shamba lake la kahawa lilishindwa, akarudi kwao mwaka 1931, akafa 1962, akazikwa chini ya mti mkubwa bustanini. Mimi nilikwenda safari nyingine na nilikaa kando ya kaburi nikiwafikiria Wakikuyu waliokuwa wakiishi kama maskwota kwenye ardhi iliyokuwa yao. Nendeni mkafikirie yenu.

Kwa dada aliyeniandikia: Mei hadi Septemba makanisa ya vijijini Gotland huwa wazi na hakuna kiingilio. Beba kadi ya benki inayofanya kazi nje, noti za karatasi huko karibu hazitumiki. Angalia ratiba ya basi kabla hujatoka, maana la mwisho likikupita shambani utalala na kondoo. Na usiende siku za mwisho wa Juni bila kuweka chumba mapema: wanasiasa wote wa Sweden wanahamia Visby kwa wiki yao ya Almedalen na bei za vyumba zinapaa. Mwanzoni mwa Agosti ni hivyo hivyo, wiki ya Enzi za Kati, watu wanavaa majoho mitaani. Wiki ya pili ya Juni inakufaa. Ukifika kwenye chumba cha sarafu, muulize yule mzee kama bado yupo, na kama uliwahi kukaa madrasa, msomee.