Mbawakawa wa moyo: alimlinda marehemu na nini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Kwenye makumbusho moja ya London nimeona mbawakawa wa mawe wa Misri ya kale. Wengine wadogo kama punje ya hindi, wengine wanajaa kiganja. Je, wote ni hirizi za maiti? Na yule anayeitwa wa moyo, aliulinda moyo na nini?

Jibu: Marahaba. Wale wadogo, wengi wao walivaliwa na watu walio hai. Walitobolewa wakatungwa uzi au kutiwa kwenye pete, na chini wakachongwa ili kupiga muhuri kwenye udongo wa kufungia mitungi na barua. Mwenyewe akifa, pengine alizikwa nao.

Wa moyo mgeuze chali ndipo utamjua. Tumboni ana mistari ya maandishi, kwa kawaida sura ya 30B ya Kitabu cha Wafu, yaani mkusanyo wa maneno ya kumsaidia marehemu ahera. Usitazame ukubwa tu: mfalme Amenhotep wa Tatu alitoa mbawakawa wakubwa wenye mistari vilevile, ila ukisoma unamkuta anajisifia simba aliowaua.

Sasa, kuulinda na nini? Hapa wengi hupotea. Waliotayarisha maiti walitoa ini, mapafu, tumbo na utumbo, ubongo hawakuujali. Moyo waliuacha mahali pake, maana kwao akili na kumbukumbu zilikaa humo. Ahera ulipimwa kwenye mizani, upande wa pili ukiwekwa unyoya wa Maat, yaani ukweli na haki. Basi moyo ndio shahidi aliyeyaona yote. Hirizi ile ilimlinda marehemu na moyo wake mwenyewe! Maneno yake yanaubembeleza: ewe moyo wangu nilioupata kwa mama yangu, usisimame kunishuhudia vibaya, usinipinge mbele ya mlinzi wa mizani. Kwa lugha yetu, ni kuuziba mdomo. Ukiropoka, zimwi Ammit yuko pale pale anasubiri kuula: kichwa cha mamba, kifua cha simba, nyuma kiboko.

Maagizo ya sura hiyo yalitaka jiwe la kijani lenye dhahabu. Ukirudi British Museum, mtafute wa mfalme Sobekemsaf: jiwe la kijani juu ya kitako cha dhahabu, na uso wake ni wa binadamu. Ni miongoni mwa wa kale zaidi tulionao. Raia wenye uwezo waliweza kununua aliyekwisha kuchongwa, kisha jina likajazwa. Wako ambao nafasi ya jina iko tupu hadi leo.