Uliza Tujibu: Droo za makumbusho zina nini hasa?

Safari hii maswali mengi yamekuja kuhusu makumbusho ya historia ya asili, yale yenye wanyama waliokaushwa, mawe na mifupa ya kale. Nimechukua manne, mengine yatasubiri.

Mkuu habari. Nimesikia makumbusho moja inaweza kuwa na ndege mia wa aina moja wamelazwa kwenye droo na hakuna anayewaona. Si mmoja anatosha jamani? Naona ni uchoyo tu.
– Msomaji mwenye hasira kidogo

Hasira yako naielewa mdau, ila mmoja hatoshi hata kidogo. Ndege mmoja anakuonyesha wa aina yake wanafananaje, basi. Ndege mia waliopatikana miaka tofauti na sehemu tofauti, kila mmoja na kikaratasi chake mguuni chenye tarehe na mahali, hao ndo wanakwambia nini kimebadilika. Chukua Field Museum ya Chicago, pale tangu 1978 wanaokota ndege wanaojigonga kwenye maghorofa wakati wa kuhama, yani mizoga ambayo ingefagiliwa tu ikatupwa, wanaipima mmoja mmoja na kuandika. Watafiti walivyokuja kuchambua vipimo vya ndege 70,716 wa aina 52 hadi mwaka 2016 wakakuta miili inazidi kuwa midogo, mfupa wa mguu umefupika kwa asilimia 2.4 huku mabawa yamerefuka kwa asilimia 1.3, na wanaona ongezeko la joto linahusika. Haya niambie, hilo ungelionaje kwa ndege mmoja aliyesimamishwa kwenye kabati la kioo?

Halafu kuna mayai. Uingereza mwanasayansi Derek Ratcliffe alitaka kujua kwanini mayai ya kozi, yule ndege mwindaji, yanapasuka kwenye kiota, akaenda kupima maganda ya zamani yaliyokuwa yamehifadhiwa na makumbusho na wakusanyaji binafsi, na mwaka 1967 akaonyesha kwamba maganda yalianza kuwa membamba ghafla kuanzia miaka ya mwisho ya 1940, wakati uleule dawa ya wadudu ya DDT ilipoanza kumwagwa mashambani. Waliokusanya yale mayai hawakuwa na habari na DDT, wengi walipenda tu mayai mazuri, ila kwa kuwa waliandika tarehe basi kazi yao ikaja kusaidia baadae. Kitu bila tarehe na mahali kwa mtafiti ni pambo tu.

Na kama kinachokukera ni ndege kuuawa ili wawekwe kwenye droo, kweli zamani watu walipiga risasi kupita kiasi na hilo silitetei. Lakini kutupa waliopo tayari ingekuwa hasara juu ya hasara. Makumbusho ya historia ya asili ya London peke yake ina vitu kama milioni 80, na unavyoviona ukitembea kule ukumbini ni vichache mno, kwahiyo usipime kazi yao kwa kinachoonekana.

Ni kweli wanafuga wadudu wa kula maiti au ni stori za vijiweni?
– Mdadisi

Ni kweli kabisa hahaha. Ni mbawakawa wadogo wanaokula nyama iliyokauka wakaacha mfupa safi, tena vile vifupa vyembamba vya panya au popo ambavyo ukivichemsha vinaharibika. Wanafungiwa chumba chao mbali, maana wakitoroka wakaingia stoo watakula ngozi na manyoya ya wanyama wote, na mifupa ikitoka kwao inagandishwa kwanza kwenye friza kabla ya kwenda popote.

Mwalimu mwenzangu, nikipeleka wanafunzi wanakimbilia dinosaria, wanapiga selfi, karatasi za maswali wananakiliana kwenye basi. Nifanyeje?
– Mwalimu wa sayansi

Pole mwalimu. Kwanza achana na mpango wa kuzunguka makumbusho nzima, chagua ukumbi mmoja. Pili, waandikie kitengo cha elimu mapema, uliza kama wana vitu vya kushika kwa mkono, makumbusho nyingi wanavyo. Mpe mtoto fuvu la mla nyama na la mla majani bila kumwambia lipi ni lipi, aangalie meno na macho yamekaa upande gani, atabishana na wenzake mpaka umnyamazishe.

Na hao dinosaria usiwakatae, wape kazi hapohapo: kipi mfupa halisi, kipi cha kutengeneza? Dinosaria anayeitwa Dippy, aliyekuja London 1905, ni plasta mwili mzima. Sue, dinosaria mla nyama wa Chicago, sehemu kubwa ni mifupa yake mwenyewe, ila fuvu halisi limewekwa pembeni kwa sababu ni zito mno kukaa juu ya kiunzi. Na yule mkubwa wa Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu, alichimbwa Tendaguru huko Lindi kati ya 1909 na 1913, na wachimbaji wenyeji ndo waliofanya kazi ngumu, msimamizi wao akiwa Boheti bin Amrani. Swali la nani alichimba na kwanini mifupa iko pale litawakalisha kuliko karatasi yoyote.

Siku hizi makumbusho wana usiku wa muziki, watoto kulala chini ya mifupa... hiyo sayansi au biashara?
– Asiyependa kelele

Vyote viwili, na mimi sioni ubaya, kuhifadhi hizo droo kunakula hela. Ila kama unataka tukio lenye maana zaidi tafuta siku ile wananchi wanaleta walivyookota, jiwe, mfupa, mdudu, wataalamu wanawatambulia. Usidharau hilo. Desemba 1938 huko Afrika Kusini nahodha wa meli ya uvuvi alikuwa na kawaida ya kumpigia simu Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya East London (mji wa hukohuko, si London ya Uingereza) akipata samaki wa ajabu, siku hiyo akakutwa silikanti, samaki ambaye wanasayansi waliamini kizazi chake kilikwisha pamoja na dinosaria.

Kwahiyo ukiokota kitu usikioshe wala kukikwangua. Kipige picha palepale kilipolala, weka sarafu pembeni ili ukubwa ujulikane, andika mahali na tarehe. Ila kama kimezama ardhini usikichimbue, waite wao.