Maswali ya mafundi wa bustani: bei isiyokuumiza, mashine isiyokujeruhi

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa vijana walioanza karibuni: mashine moja, toroli, reki na simu ya kupokelea wateja. Nimezifupisha. Wengine wameuliza habari za fedha, wengine habari za usalama, na nimezichanganya makusudi. Kijana aliyekubali bei ya kutupa ndiye anayefyeka kwa haraka, bila miwani, jua likiwa linazama, ili awahi kazi ya pili.

Shikamoo fundi. Nina miaka 21, wateja ninao, natoka kila siku, lakini mwezi ukiisha sioni kitu. Nakosea wapi?

Marahaba. Bila kuona daftari lako siwezi kuapa, lakini nahisi unapanga bei kwa kutazama ukubwa wa bustani na sura ya mteja. Tuanze na saa. Siku ya kazi ya saa 8 haina saa 8 za kulipwa. Toa muda wa kwenda na kurudi, wa kufuata mbolea na miche, wa kusafisha mashine na kunoa visu, na wa kwenda kutazama kazi ambayo mwisho wake anapewa mwingine. Tuseme zimebaki 5. Kama unataka kuondoka na 40 kwa siku (weka sarafu unayotumia), ukigawa kwa 8 utatoza 5 kwa saa, na jioni utakuwa na 25. Ukigawa kwa zile 5 zinazolipwa utatoza 8, na hiyo 40 utaiona. Vijana wengi wanatoza 5 halafu wanashangaa.

Halafu kuna uchakavu. Mashine uliyoinunua kwa 600, ukitarajia ikufanyie kazi saa 1,000 kabla haijaanza kukusumbua, inakula 0.6 kila saa inayonguruma, petroli bado hujaitia. Hiyo 0.6 si yako. Itenge, ili mashine ikifa usiende kukopa. Glavu, gambuti, miwani, uzi wa kufyekea na vizibo vya masikio vinaingia kwenye fungu hilohilo. Ukiviacha nje ya bei hutavinunua, maana kila mara kutakuwa na jambo la dharura zaidi.

Mwisho ni faida, na hapa kuna mtego wa asilimia. Gharama zako zote, pamoja na ujira wako mwenyewe, ni 100. Unaongeza asilimia 20, unatoza 120, unajiambia una faida ya asilimia 20. Hapana: 20 ndani ya 120 ni asilimia 16 na ushee. Ukitaka asilimia 20 ya kile kinachoingia mfukoni, gawa gharama kwa 0.8; utatoza 125. Sasa mteja wa 120 anasema, "Kijana, nipunguzie asilimia 10 tu." Unapunguza, unapokea 108. Yeye ameokoa 12, wewe faida yako imeshuka kutoka 20 hadi 8. Punguzo la asilimia 10 limekula zaidi ya nusu ya faida. Akitaka bei ishuke, punguza kazi: ondoa ukataji wa uzio, au abebe taka mwenyewe.

Niliambiwa nijaze udongo kwenye eneo la mita 8 kwa 5, kimo cha sentimita 10. Niliagiza kwa hesabu na bado ukapungua.

Hesabu yako ilikuwa sawa: 8 mara 5 mara 0.1 ni mita 4 za ujazo. Ila udongo unaofika umefumuka. Ukimwagiwa maji na kukanyagwa hushuka, kwa hiyo ongeza asilimia 15 hadi 20 na uagize karibu mita 4.8. Nyasi zinazoletwa zikiwa zimekatwa vipande ziongezee asilimia 5 hadi 10, kwa sababu ya pembe na kingo utakazozikata.

Kabla hujaukodia gari udongo huo, kumbuka uzito. Mita moja ya ujazo hufikia tani moja na zaidi, na ukilowa huongezeka. Pikapu ndogo iliyojazwa mpaka juu ya bodi inaweza kuwa imebeba mara mbili ya uwezo wake, na breki ndizo za kwanza kulalamika. Lipia safari mbili, na uziandike kwenye makadirio.

Wenzangu wanafyeka wamevaa kandambili na miwani ya jua, na hawajapata kitu. Je, hayo mavazi yote ni lazima kweli?

Hawajapata kitu bado. Tazama kichwa cha mashine ya kufyekea inapopandishwa moto: uzi huuoni tena, umekuwa duara la ukungu. Ncha yake inakimbia zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Kokoto ikiguswa na kitu hicho haichagui pa kwenda, na kioo cha miwani ya jua ya kawaida kinaweza kupasuka na kuongeza vipande jichoni. Vaa miwani ya kujikinga iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na juu yake ngao ya uso ya wavu au plastiki. Ngao peke yake haitoshi kwa sababu vitu huingia kwa chini. Suruali nzito ndefu, viatu vilivyofunika mguu wote. Watu na wanyama wakae umbali wa mita 15. Mtoto akitokea, achia kiwashio, usimpungie mkono huku mashine inazunguka.

Kabla ya kuwasha, tembea eneo zima kwa miguu. Okota mawe, chupa, vipande vya waya na kamba za kuanikia zilizokatika. Dakika 10 za kuokota ziko ndani ya bei, tumeshakubaliana hapo juu.

Mambo mawili nayaona mara kwa mara, na yananikasirisha. La kwanza ni fundi kuweka waya wa chuma au mnyororo badala ya uzi wa plastiki kwa sababu "haukatiki ovyo". Unakatika, na ukikatika kipande kinaruka kama risasi. La pili ni kuingiza kidole kwenye nyasi zilizokwama kisuni, injini imezimwa ila waya wa plagi uko mahali pake. Kwenye mashine ya kusukuma, ukizungusha kisu kwa mkono unazungusha na injini, na inaweza kushtuka ikawaka. Zima, subiri kisu kisimame, vuta kofia ya plagi uiweke kando, ndipo uchokoe, tena kwa kijiti.

Ukifunga kisu cha chuma kwa ajili ya vichaka, pitisha kutoka kulia kwenda kushoto na ukate kwa upande wa kushoto wa kisu. Sehemu ya mbele kuelekea kulia ikigusa shina gumu, mashine nzima inarushwa pembeni.

Masikio nayo, kwani hakuna anayeuliza. Kiwango kinachopendekezwa na wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unapungua nusu. Kwenye desibeli 97 unabaki na nusu saa, kwenye 100 dakika 15, na mashine nyingi za petroli zinacheza huko huko. Ukitoka kazini masikio yanavuma, umeshapitiliza. Usikivu ukipotea kwa kelele haurudi.

Oili na petroli nachanganya kiasi gani?

Soma kwenye tangi au kitabu cha mashine. Kikiandikwa 50:1, ni mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. 25:1 ni mililita 40. Hii ni kwa injini za mipigo miwili tu. Ya mipigo minne ina mahali pake pa oili, usiichanganyie. Pimia kwa chupa yenye alama, si kwa kifuniko cha soda. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi ni chanzo cha karabureta kuziba. Na usijaze injini ikiwa ya moto: iache ipoe, fungua kifuniko polepole, jaza, futa kilichomwagika, sogea mita 3 kutoka hapo ndipo uvute kamba.

Nilikubaliana na mama mmoja kazi ya siku tatu. Kila siku akaongeza kitu: ng'oa kile, pandikiza hiki. Nilipodai zaidi akasema "si tulikubaliana?" Nifanyeje siku nyingine?

Siku nyingine andika. Karatasi moja inatosha, au ujumbe wa simu ambao ameujibu "sawa". Iseme kazi ni ipi kwa vipimo, nini hakimo, nani ananunua miche, taka zinakwenda wapi, na malipo yanakuja lini. Mimi napenda malipo yenye hatua: fedha za vifaa zote kabla sijanunua chochote, sehemu ya ujira katikati, iliyobaki siku ya kukabidhi, tukiwa tumesimama wote bustanini. Asiyetaka kutoa fedha za vifaa anakuomba umkopeshe, na wewe huna benki.

Piga picha kabla hujagusa kitu, pamoja na ule ufa kwenye njia ya kuingilia na ule mti uliokwisha kukauka. Na akisema "wakati uko hapa, hebu nitolee na kile kisiki", usikatae wala usianze kuchimba. Mwambie, "Sawa mama, jioni nitakuandikia bei yake, ukiridhika kesho nakitoa." Mara nyingi kisiki kinakoma kuwa na umuhimu.

Mteja anataka nipunguze mti ambao matawi yake yamegusa nyaya za umeme. Analipa vizuri.

Hapana. Mti mbichi unapitisha umeme, ngazi ya alumini inapitisha, na kwenye nyaya za msongo mkubwa umeme unaweza kuruka kabla hata hujagusa. Mwambie awaite wenye nyaya. Ukishaona wamezima na kukata sehemu yao, wewe utakusanya matawi na kulipwa kwa hilo.

Nimepewa dawa ya magugu ndani ya chupa ya maji, haina karatasi. Nipulize?

Irudishe. Bila lebo hujui ni dawa gani, inapimwaje, inataka mavazi gani, wala watu wakae nje ya eneo kwa muda gani. Hujui hata kama inaua magugu peke yake au na yale maua ya mteja. Na mtu mwingine nyumbani kwake ataikuta ile chupa siku moja akiwa na kiu, kwa hiyo mwambie hivyo waziwazi.

Ukiwa na dawa halali, upepo ukivuma acha. Bomba likiziba, zibua kwa brashi laini na maji, si kwa mdomo. Kopo likiisha lisuuze mara tatu na maji ya suuza uyamimine ndani ya pampu, yapulizwe palepale kwenye magugu. Nguo za kazi hiyo zifuliwe peke yake.

Kwa nini wateja wa mara moja moja wananichosha kuliko wa kila wiki, na bustani ni zilezile?

Si zilezile. Nyasi nzuri hukatwa zisizidi theluthi moja ya urefu wake kwa mkupuo. Anayekuita zimefika magotini anakupa kazi mbili: kufyeka kwanza, kisha kurudi baada ya siku kadhaa kushusha. Toza ziara mbili. Wa kudumu mpe bei nafuu kidogo ya mwezi, inayolipwa hata wiki ambayo nyasi hazikukua, na wiki hiyo fanya kazi ya kunyoosha kingo na kutifua matuta.

Mjomba anataka nimtengenezee bustani bure, eti nitajifunza.

Mfanyie siku moja ya nguvu zako, vifaa anunue yeye. Siku ya pili ina bei.

Nimepata kazi kubwa, kuna mtaro wa maji wa kuchimba. Nataka kumchukua rafiki yangu. Nimlipe nini, na niangalie nini?

Ujira wake uuweke kwenye makadirio kabla hujampigia simu, na mkubaliane kabla ya siku yenyewe: kwa siku au kwa kipande. Kazi ya kipande inakwenda mbio, na kwenye mashine na mitaro sitaki mbio, kwa hiyo hapo mlipe kwa siku. Ulizia bima inayomhusu msaidizi wako, pamoja na ile ya mali ya mteja ukivunja kioo. Jiwe la mashine likipiga dirisha la gari, faida ya wiki imekwenda.

Mtaro: kabla ya koleo la kwanza, uliza mabomba na nyaya vimepita wapi, na karibu navyo chimba kwa mkono taratibu. Udongo uliotolewa ukae walau nusu mita hadi mita kutoka ukingoni. Ukifika kina cha mita 1.5 asishuke mtu bila kuta kuzuiwa kwa mbao au kulazwa kwa mteremko, na kwenye udongo wa kichanga usisubiri kina hicho. Mita moja ya ujazo ikimwangukia mtu kifuani hawezi kuvuta pumzi, hata kama kichwa kiko nje.

Jua likiwa kali, kila dakika 20 kikombe cha maji, kiu iwepo isiwepo. Rafiki yako akianza kuongea mambo yasiyoeleweka au kupepesuka, usimwambie apumzike kidogo kivulini halafu ukaendelea na kazi. Mmwagie maji, mpepee, ita msaada wa hospitali.

Na siku ya kwanza mpe reki na toroli. Mashine ya kufyekea ataishika ukishamwona anaokota mawe bila kuambiwa.